Beseni Pale Getini

Mwanangu Nomsa,

Umetoka saa nne asubuhi kwenda Newtown kusukwa. Umeniambia utarudi saa sita, na mimi najua ni saa nane, kwa sababu yule dada wa Kikongo anasuka vizuri lakini hawezi kusuka bila kuongea. Kwa hiyo nina mchana mzima. Nimezima cherehani, nimesukuma kando sare za akina mama wa kanisa ambazo wenyewe walizitaka tangu Jumapili, na nimekaa hapa hapa ninapokaa siku zote. Kesho asubuhi unapanda ndege kuanza safari ya Morogoro, na kuna jambo sijakuambia.

Mambo ya dawa ya malaria, chandarua, na jinsi ya kumsalimia mama yako mkubwa bila kumtazama machoni kama askari tumeshayasema mpaka ukanizungushia macho. Sirudii. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unakisikia chote ila ukijibu unajibu Kizulu, na ukikasirika unajibu Kiingereza. Soma polepole. Neno likikushinda lipite, utalielewa mbele. Lakini usimpe mtu mwingine akusomee, na hasa usimpe mtu wa kule.

Nimeshaanza barua hii mara tatu, na vipande vyake viko kwenye pipa pamoja na vitambaa. Kila nikianza na baba yako nakwama. Basi nianze na darasa, maana huko ndiko nilikoanza kuchanganyikiwa, na mpaka leo sijatulia.

Unamjua Mwalimu Kasongo, yule wa Lubumbashi anayelinda mlango wa duka la vitambaa Fordsburg siku za kazi na Jumamosi anatufundisha sisi wasomaji wa ibada ya Kiswahili. Wewe unamwita mzee wa viatu kwa sababu viatu vyake vinang'aa kuliko vya mchungaji. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, aligawa mafungu ya kusoma na kuyasemea mbele ya watu. Mimi nikaangukiwa na Alhamisi, ile habari ya mwanafunzi aliyemuuza Bwana wake. Nilitaka kukataa. Nikasema nina sare za watu. Akaniambia, "Mama Nomsa, kila mutu iko na sare ya watu," akacheka, akanipa karatasi zake za maandishi.

Nilidhani ni jambo rahisi. Mtu alikuwa msaliti, akapokea fedha, akajinyonga, tukaimba, tukaenda nyumbani. Kumbe karatasi za mwalimu zilikuwa zimejaa ugomvi. Wale walimu wa kanisa la kwanza, watu waliokaribia nyakati zile kuliko sisi, hawakukubaliana hata kidogo juu ya mtu huyu mmoja. Mzee mmoja wa upande wa Asia alisimulia kwamba Yuda alivimba mwili mpaka akashindwa kupita pale mkokoteni unapopita. Hapo nilicheka peke yangu, nikasema huyu mzee alikuwa na hasira zake. Wa Shamu wakasema kwamba Bwana alipompa lile tonge alilichovya kwanza majini, ili baraka itoke ndani ya mkate kabla haujamfikia mdomoni. Yaani alipewa mkate uliosuuzwa. Hilo nililisoma mara mbili.

Mwingine, mwalimu wa Misri, alifikiri kwamba Yuda alipoona alichofanya alikimbilia kufa ili atangulie upande wa pili, amsubiri huko yule aliyemuuza, amwombe msamaha na roho yake ikiwa tupu. Yule mwalimu mwenyewe hakumsifu kwa hilo, alisema Yuda alipaswa kusubiri huku huku duniani. Halafu askofu mmoja wa Afrika ya Kaskazini akapinga, akasema kujinyonga kule kulikuwa dhambi juu ya dhambi, maana alikata tamaa ya kuhurumiwa. Na mhubiri wa Antiokia akasema jambo ambalo ndilo lililonitoa usingizini. Alisema Bwana alipochukua beseni kuwaosha miguu wanafunzi, alimwosha na huyo pia. Na kwamba inaonekana alianza naye yeye, kabla ya kumfikia Petro.

Nilimwuliza Mwalimu Kasongo baada ya darasa, wengine wakikusanya viti. Nikamwambia, "Mwalimu, sasa ipi ni ya kweli? Aliosha miguu yake, au alisuuza mkate ili asipate kitu?"

"Bazee ba zamani habakusikilizana, mama. Kila mutu na yake."

"Najua hawakusikilizana. Nakuuliza wewe."

Akanitazama, akafunga karatasi zake kwa mpira. "Weye unatafuta yenye kweli, ao yenye kukusaidia?"

Nilichukua mfuko wangu nikaondoka, na nilipofika kwenye robot, taa za barabarani, nilisimama kijani kikawaka mara mbili bila mimi kuvuka. Nilikuwa naona beseni letu la bluu, lile la pale getini, siku tuliyomzika baba yako.

Unakumbuka siku hiyo kwa namna yako. Mimi nitakueleza nilivyoiona mimi. Tumerudi kutoka makaburini, watu wamepanga mstari pale getini kunawa mikono kabla ya kuingia kula, kama desturi ya huku. Wewe ndiye uliyesimamia beseni na taulo, na vipande vya mshubiri vikielea majini. Miaka ishirini na mmoja, umevaa nguo nyeusi niliyokushonea usiku mmoja nikiwa silii ili nisikose mshono. Watu wakanawa, wakaingia. Mwisho wa mstari akaja mzee Vusi, na ile kofia yake ameishika kifuani. Alipofika mbele yako na kunyoosha mikono, ukalinyanyua beseni, ukamwaga maji yote kwenye mfereji, ukaingia ndani na taulo lako.

Alibaki pale amenyoosha mikono. Halafu akaifuta kwenye koti, mikono mikavu, akavaa kofia, akaenda zake bila kula.

Mimi nilikuwa dirishani jikoni na mwiko mkononi. Niliona kila kitu. Watu walikuona na wakakusifu chinichini, kwamba huyu ndiye mtoto wa Themba hasa. Jioni ulinijia ukaniuliza, "Mama, nimekosea?" Ulikuwa umekosa raha, nilikuona. Ulitaka nikuambie ndiyo. Mimi nikasema, "Baba yako angefurahi."

Nomsa, hilo ndilo kosa langu la karibuni. La kwanza ni la zamani zaidi, na sasa lazima niliseme.

Unaijua habari jinsi baba yako alivyoisimulia. Kwamba alikuwa mkimbizi kambini kule Morogoro, kijana wa Soweto aliyeikimbia nchi yake ili aipiganie. Kwamba mtu alimsingizia kwa wakubwa wa kambi kuwa anapeleka siri kwa makaburu, na wakamfungia miezi minane, na akatoka humo sikio la kushoto limekufa. Ndiyo maana ulizoea kukaa kulia kwake tangu mdogo. Na kwamba aliyemsingizia ni rafiki yake wa kutoka naye nyumbani, Vusi. Umekua ukimwona Vusi mtaa wa tatu kutoka kwetu na hujawahi kumwamkia. Siku walipoandika *impimpi* kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa spaza yake, kile kiduka chake cha nyumbani, ulikuwa darasa la nne, na ulikuja kuniuliza maana yake. Nikakuambia ni mtu anayeuza wenzake. Nilikuwa nachuja chai. Sikumwaga hata tone.

Haikuwa Vusi. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, fundi cherehani mdogo mwenye maneno mengi, nimeolewa na mgeni ambaye mama yangu alisema atarudi kwao aniache na mimba. Tulikuwa tumekaa miezi mitano tu. Na kila Alhamisi baba yako alikuwa anapotea. Anatoka kambini, haji nyumbani, anarudi giza limeingia na hasemi alikokuwa. Nikimwuliza anasema, "Kazi, Yusti." Kazi gani ya Alhamisi peke yake? Nikamfuata. Nikamwona anakwenda stesheni ya reli, anasimama pale kwenye mizigo, anamsubiri mtu, anatoa bahasha ndani ya shati, anampa, anaondoka haraka. Nilirudi nyumbani wivu umenijaa. Niliamini ana mwanamke Dodoma au Tabora na anamtumia barua kwa mfanyakazi wa treni.

Wakubwa wa kambi walikuwa wananiletea kazi za kushona. Siku moja akaja mmoja wao kuchukua suruali. Alikuwa mtu mpole, mnywaji wa chai. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mume wangu yuko wapi mchana huu. Ilikuwa Alhamisi. Nami nikamwambia. Nikamwambia stesheni, nikamwambia bahasha, nikamwambia kila wiki. Nilitaka wamwite wamkaripie, wamwambie aache, anirudie mimi. Nakuapia nilifikiri hivyo. Yule bwana akakunja suruali zake, akanishukuru, akaniuliza kama ninahitaji uzi.

Usiku ule baba yako hakurudi. Wala wiki ile, wala mwezi ule.

Sikuelewa nilichofanya. Watu wa kambini walikuwa na sheria ya kutoandika barua nyumbani, kwa kuwa barua ingeweza kuwaonyesha adui walipo. Mimi mtoto wa Morogoro ningejuaje? Kwetu barua ni barua. Kwao mtu anayepeleka bahasha kwa siri alikuwa mtu wa kuuza roho za wenzake. Nilikwenda kwa yule mnywaji wa chai kumwambia ni mambo ya wanawake, nimekosea. Akaniambia niende nyumbani nisijichoshe.

Alipotoka, baba yako alikuwa amekonda na anageuza kichwa kizima ili akusikie. Nilimpikia. Akala kidogo, akaniambia, "Yusti, zilikuwa barua za mama yangu. Nilimwambia mtu mmoja tu, Vusi. Na mbona yeye hawakumkamata?" Akanitazama. Ningeweza kusema wakati ule. Chakula kilikuwa mbele yetu, mlango umefungwa, tuko wawili. Nikasema, "Mimi nitajua wapi mambo yenu."

Basi. Kwa maneno hayo mimi nilimweka Vusi mahali pangu, na akakaa hapo miaka yote hii.

Vusi alikuja kwetu akasimama mlangoni akasema, "Siyo mimi, Themba. Naapa kwa mama." Baba yako akamfungia mlango. Alikuja tena, mara tatu. Mara ya mwisho alizungumza na mimi, aliniita shemeji, akaniomba niseme na Themba. Nikasema nitajaribu. Sikujaribu.

Kisha nchi hii ikafunguka, tukaja huku. Sijakusimulia siku ya kwanza hapa Soweto jinsi ilivyokuwa hasa. Bibi yako alinikumbatia, akanishika uso, akaniita jina langu kabla hata sijatambulishwa. Nikashangaa. Akaingia chumbani, akatoka na Biblia yake ya Kizulu, na ndani yake barua, zimekunjwa ndogo, zimelainika kwa kusomwa. Mwanawe alikuwa anamwandikia habari zangu. Kwamba ameoa, kwamba binti anaitwa Yustina, anashona, anaongea sana, kwamba atampenda. Zile Alhamisi zote nilikuwa nawaonea wivu mama mkwe wangu na mimi mwenyewe. Nilikwenda chooni nyuma ya nyumba, nikakaa huko mpaka wakaja kunitafuta.

Kwa nini sikusema hata hapo? Nimejiuliza nikishona, nikipika, nikisikiliza mahubiri. Mwanzo niliogopa ataniacha. Baadaye niliogopa zaidi kwa sababu hakuniacha. Alikuwa mume mwema, na kila alipofanya wema niliona ni wa mtu mwingine nimeuchukua kwa jina la uongo. Halafu ukazaliwa wewe, tumekwisha kukata tamaa ya mtoto, na nikasema sasa tena haiwezekani. Halafu akaugua. Nikasema nitamwambia akipata nafuu, kisha nikasema siwezi kumwambia mtu anayekufa. Unaona jinsi sababu zisivyokwisha.

Alhamisi ile kabla ya Pasaka nilisimama mbele ya kanisa na karatasi zangu. Ulikuwepo, umekaa benchi la nyuma na simu yako. Nilieleza habari ya wale walimu, huyu kasema hivi, yule kasema vile, na mwisho nikatakiwa kusema sisi tunashika lipi. Nikasema, "Ndugu zangu, sijui," nikakaa. Watu walidhani ni unyenyekevu. Mama mmoja wa Bukavu alinipa mkono, akasema nimehubiri vizuri kuliko mchungaji. Wewe uliniambia tukiwa njiani, "Eish, Mama, si ungesema tu alikwenda motoni?" Hukujua umemwambia nani.

Jumanne iliyofuata nilikwenda kwa Vusi. Nilikuambia ninakwenda Fordsburg kununua vitambaa, na nilikudanganya. Nilivaa vizuri. Nilikuwa nimeamua, nimejipanga na maneno yangu, nimeyarudia njiani kama mtoto anayetumwa dukani. Mpwa wake alinifungulia, akanishangaa, maana mtu wa nyumba yetu hajawahi kukanyaga pale. Akaniambia mjomba wake siku hizi hayuko sawa, kuna siku hamjui hata yeye. Nikasema nitajaribu bahati yangu.

Alikuwa amekaa juani, karibu na ukuta wa spaza iliyofungwa zamani. Ile rangi nyekundu walishaipaka nyeupe juu yake, lakini ukijua ilipokuwa unaiona. Aliponiona akatabasamu uso mzima. Akaniambia kwa Kiswahili, kile Kiswahili chao cha kambini ambacho sijakisikia tangu baba yako anyamaze, "Karibu, shemeji. Themba yuko wapi?"

Nikashindwa. Nikasema, "Amepumzika."

"Mwambie asiwe na wasiwasi. Barua ya mama yake nimeipeleka mimi mwenyewe. Yule wa treni ameichukua."

Nomsa, alikuwa anampelekea barua. Zile Alhamisi ambazo baba yako alikuwa zamu, Vusi ndiye aliyekwenda stesheni. Baba yako hakuwahi kunisimulia hilo. Labda kwa hasira alilisahau, labda alikumbuka na likamchanganya zaidi, kwamba mtu abebe barua na kisha aiuze. Mimi nilimfuata mume wangu siku moja tu, nikamwona yeye. Ningefuata wiki nyingine ningemwona Vusi, na wangefungwa wote wawili, na labda baba yako asingepoteza rafiki. Sijui nifikirie nini juu ya hilo. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma.

Nikapiga magoti pale chini, na magoti yangu unayajua. Nikamwambia, "Shemeji, ni mimi niliyewauza. Siyo wewe. Ni mimi niliyemwambia yule bwana."

Akanitazama kwa makini sana. Nikadhani ameelewa. Akacheka taratibu. "Umeniuza? Nani atanunua mzee kama mimi?"

Kisha akauliza kama kuna chakula. Mpwa wake alikuwa amesonga pap na maharage. Nikaomba maji, wakaniletea beseni na jagi, nikamnawisha mikono kama tunavyofanya kwetu, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye kiwiko. Ilikuwa mikavu na nyepesi. Aliniachia kabisa, kama mtoto. Akala. Nilipoaga akasema, "Mwambie Themba Alhamisi nitakwenda tena."

Nilirudi nyumbani nikijisikia mwepesi, nikaimba jikoni, ukaniuliza nimekunywa nini. Halafu kabla hata sijamaliza kukata vitunguu nikajikasirikia. Nimeomba msamaha kwa mtu asiyekumbuka kosa. Baba yako hayupo. Bibi yako hayupo. Yule mnywaji wa chai sijui hata alizikwa wapi. Je, nimeoshwa, au nimepewa ule mkate uliosuuzwa, una sura ya mkate na ndani hauna kitu? Nilimwuliza Mwalimu Kasongo Jumamosi bila kutaja majina. Akasema, "Mama, na benye bangali wazima?"

Wazima. Nilifikiri sana ni nani aliye mzima na anayeibeba habari hii bado. Ni wewe.

Na hapo ndipo ulipokuja na ukurasa wako. Jumapili iliyopita, mezani, mbele ya shangazi zako na majirani waliokuja kukuaga. Kule Morogoro wanakusanya kumbukumbu za wale waliopita kambini, ukurasa mmoja kwa kila mtu, zitawekwa kwenye fremu ukutani pale ukumbini, na wewe umechaguliwa kuusoma wa baba yako siku ya ufunguzi. Ulitusomea. Umeandika vizuri, mwanangu. Umeandika sikio lake, umeandika wimbo aliokuwa anaupiga mluzi akinyoa ndevu. Na katikati umeandika kwamba aliuzwa na rafiki yake, ukaandika jina la Vusi na la ukoo wake, yote mawili.

Wote walipiga makofi. Nami nilipiga makofi, Nomsa. Mikono yangu hii hii. Nimekuwa nikiitazama wiki nzima.

Ukurasa huo uko kwenye sanduku lako, ndani ya bahasha ya kaki, juu ya magauni. Nimeuona asubuhi nilipokuwa nakuwekea taulo. Nilitaka kuutoa. Niliushika, nikafika nao mpaka jikoni karibu na jiko. Nikajiona, nikarudi nikauweka ulipokuwa. Sitaki kuiba tena. Ukitoka kwenye sanduku utautoa wewe.

Ninachoogopa ni rahisi kukieleza. Naogopa ukisoma hii utaondoka kesho na hutarudi. Wewe ni mtoto wa baba yako, mlango ukiufunga umefunga, na mimi nimekuona na lile beseni. Sina mtoto mwingine. Nakupenda kiasi kwamba nilikuacha uwe katili kwa mzee wa watu ili uendelee kunipenda, na hilo halistahili kuitwa mapenzi, lakini sina jina jingine la kuliita. Sikuombi lolote leo. Hata hasira zako zichukue muda zinaotaka.

Sitakupa ushauri wa maisha, maana umeona mwenyewe ushauri wangu unatoka wapi. Nitakuambia tu nilichokiona. Mimi siku zote nilifikiri uongo wangu ni kitu kimoja, nilichokifanya siku moja, na baada ya hapo nilikuwa nanyamaza tu. Siyo hivyo. Niliufanya upya kila nilipopita ile spaza bila kununua chumvi. Niliufanya nilipochuja ile chai. Kila asubuhi nilikuwa na nafasi, na kila asubuhi niliiacha, nikaenda kushona nguo nyeupe za watu wa kanisa.

Na wale walimu wa zamani bado siwaelewi. Kuna siku nashika la yule wa Antiokia, naona maji na miguu, naanza kulia. Kuna siku la wa Shamu ndilo linaonekana la haki zaidi. Ninajua tu kwamba Yuda hakumwacha mtu mwingine aitwe kwa jina lake. Aliwarudia wale wakuu, akasema wazi kwamba amekosa. Hata huyo alinishinda.

Nasikia watoto wanatoka shule, kwa hiyo utakuwa umebakiza mistari michache kichwani. Nitakupa barua hii mkononi ukiingia, kabla hatujala. Nilifikiria kuificha kwenye sanduku uisome ukifika kule, nikajua ni woga uleule wa kusema nitasema kesho. Nitakaa jikoni ukiisoma. Ukitaka kutoka nje, funguo ziko mlangoni. Ukitaka kwenda kwa mzee Vusi, mpwa wake hafungi geti mpaka saa moja, na beseni la bluu nimelisugua, liko pale pale getini kwetu na taulo lake, lichukue uende nalo. Hatakukumbuka. Atanyoosha mikono tu.

Na ule ukurasa, utoe kwenye bahasha. Sikio liache, na mluzi uache. Pale ulipoandika jina la Vusi, likate, mstari mmoja unatosha. Juu yake andika langu. Liandike lote, kama lilivyo hapa chini, maana pale Morogoro akina Yustina ni wengi, na sitaki tena mtu mwingine ahesabiwe mahali pangu.

Mama yako,

Yustina Mloka, fundi cherehani, mke wa Themba